Tezi dume: baina ya kidonge na kisu ipo milango mingine

Anayetaka kujua hali ya wazee wa msikiti asitazame safu ya mbele. Atazame ya nyuma, iliyo karibu na mlango wa vyooni. Huko ndiko wanakohamia, mmoja baada ya mwingine, watu waliozoeleka kwa miaka mingi kusimama nyuma ya imamu. Hawatoi sababu. Baadhi yao huhama tena, safari hii kutoka msikitini kabisa, wakasali majumbani, na jamaa wakasema fulani amelegea. Sisi ambao kazi yetu katika kamati ni kuandika nani amehudhuria kikao na nani ametoa udhuru, tumepata kuwauliza wachache kwa faragha, na jibu, ikishapita aibu ya mwanzo, limekuwa karibu moja: haja ndogo haiwaruhusu.

Chanzo cha jambo hili ni tezi dume. Ni kiungo kidogo ambacho kila mwanamme amezaliwa nacho, kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, nacho kinauzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za uzazi. Kwa kijana uzito wake ni kiasi cha gramu 20. Umri ukisogea huanza kukua polepole, na kwa kuwa mrija umepita katikati yake, kukua huko huubana. Wala si jambo la nadra. Kwa wanaume wenye umri kati ya miaka 51 na 60, takriban nusu yao wana tezi iliyotanuka, na waliovuka 80 hufikia hata 9 katika kila 10, ingawa si wote wanaosumbuliwa nayo.

Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa mkondo dhaifu, hukatika na kuanza tena. Mtu hutoka chooni akihisi kuwa mwingine umebaki. Usiku huamka mara tatu au nne. Na akishamaliza, matone hufuata. Tungependa kusimama kidogo kwenye matone haya, maana Muislamu amefundishwa tangu utotoni istibraa, yaani kuhakikisha mkojo umekwisha kabla ya kutawadha. Wapo wazee wanaokaa chooni robo saa nzima, wakikohoa, wakijikamua, wakitembea hatua mbili tatu, kisha wakabadili nguo na kurudia udhu. Wakiuliza darasani hujibiwa kuwa huo ni wasiwasi wa shetani, waupuuze. Wasiwasi upo, hatukatai, na wanazuoni wameueleza vya kutosha. Lakini mtu wa miaka 65 ambaye maisha yake yote hakuwa na wasiwasi, ukamjia sasa pamoja na mkojo dhaifu na kuamka usiku, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari kabla ya kupelekwa kwa sheikh.

Wengi hujitibu kwa kuacha maji. Kupunguza vinywaji baada ya Isha, hasa chai na kahawa, ni ushauri wa madaktari wenyewe. Kushinda mchana kutwa bila maji, katika joto la pwani yetu, ni jambo jingine, na huleta mkojo mkali na kufunga choo, ambako nako huongeza taabu ya kukojoa. Hatari kubwa zaidi ni mkojo kuziba kabisa. Mara nyingine kinachouziba si tezi peke yake: mzee amepata mafua, akanunua dukani vidonge vya kukausha kamasi, na baadhi ya dawa hizo hukaza shingo ya kibofu au hulegeza kibofu chenyewe. Usiku huohuo tumbo la chini hujaa kama ngoma, hakitoki kitu, na maumivu yake hayasimuliki. Huyo hangojwi asubuhi. Na yupo ambaye huziba kidogo kidogo bila maumivu, mkojo ukarudi nyuma mpaka figo zikaanza kufa, na nyumbani wakaona tu kuwa baba amevimba miguu na hana hamu ya chakula.

Yafaa tutenganishe mambo ambayo mitaani huchanganywa. Kutanuka kwa tezi dume si busha, ambalo ni maji kwenye mfuko wa korodani, wala si ngiri. Si ugonjwa wa kuambukizwa wala si matokeo ya zinaa, na kumshuku mzee kwa hilo ni dhulma. Pia si saratani, na haigeuki kuwa saratani. Lakini mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, na dalili zikafanana. Kwa sababu hiyo daktari hupima damu kipimo kiitwacho PSA, na huipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wazee wengi hukimbilia mlangoni wakisikia habari ya kidole. Kipimo hicho huchukua muda mfupi kuliko kufunga kilemba, na sharia imeruhusu kufunuliwa uchi wa mgonjwa kwa kadiri ya haja ya tiba.

Daktari pia atauliza maswali saba yanayotumika duniani kote, kila moja likiwa na alama kuanzia 0 hadi 5. Jumla ikiwa 7 au chini yake, ugonjwa ni mwepesi na aghlabu husubiriwa tu kwa kuangaliwa. Kuanzia 8 hadi 19 ni wa wastani, na 20 hadi 35 ni mkali. Mzee akijibu kwa haya, akasema “siku hizi nafuu” mbele ya mwanawe aliyemsindikiza, hesabu yote huharibika. Kijana atoke nje kidogo.

Dawa ndizo hutangulia. Ziko za kulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, kama tamsulosini, ambazo huonesha nafuu ndani ya siku au wiki chache. Na ziko za kuisinyaza tezi yenyewe, kama finasteridi, ambazo huhitaji miezi sita hivi. Za kundi la kwanza zaweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, hivyo anayezitumia asiinuke kwa ghafla kutoka sujudi, hasa katika Tarawehe. Za kundi la pili hupunguza matamanio kwa baadhi ya watu, na hushusha matokeo ya PSA kwa takriban nusu, kwa hiyo kila daktari atakayeisoma damu ile ni lazima aambiwe. Ama kuhusu chupa zinazouzwa kwa kipaza sauti stendi, hatuna la kusema ila kwamba muuzaji hajui figo za mnunuzi zikoje. Magome ya mti uitwao Prunus africana, unaoota katika misitu ya milima yetu ikiwemo Kilimanjaro, kwa miongo kadhaa yametengenezewa vidonge huko Ulaya, na tafiti zimeona nafuu ya kiasi. Lakini kidonge kilichopimwa ni kitu kimoja, na chupa isiyo na jina ni kitu kingine.

Tatizo huanza dawa zinaposhindwa, au mzee anapochoka nazo. Hapo wengi hudhani limebaki jambo moja tu, kisu, na kisu ndicho wanachokihofia kuliko ugonjwa.

Fundi seremala mmoja wa mtaani kwetu alikaa na mpira wa mkojo miezi kumi na moja. Wanawe walikwisha changa fedha za upasuaji, na kila Ijumaa walimuuliza lini. Tulipokwenda kumjulia hali alituambia: “Katibu, mwanangu, hawa wananiuliza lini. Hajaniuliza hata mmoja naogopa nini.” Tukamwambia, basi mzee wetu tuambie sisi. Akatazama mlango kwanza. “Nikitoka huko, nitakuwa mume wa mtu au nitakuwa kivuli?” Mkewe yuko hai, nao wameishi pamoja miaka 38. Watoto walijua bei ya kitanda na bei ya teksi, lakini swali hili hawakuweza kulibeba, na wala hatuwalaumu. Si swali ambalo mtoto humuuliza baba yake. Ni swali la daktari, na likiwezekana mke awepo.

Jibu lake lina sehemu mbili ambazo watu huziunganisha kimakosa. Nguvu za kiume, yaani kusimama kwa uume, kwa wagonjwa walio wengi hazipotei kwa upasuaji wa kutanuka kwa tezi. Kinachobadilika ni manii. Katika upasuaji uliozoeleka zaidi, ule wa kupitisha kifaa chenye kamera ndani ya mrija wa mkojo na kuichonga tezi kwa umeme bila kuchana tumbo, shingo ya kibofu hubaki wazi, na manii badala ya kutoka nje hurudi kwenye kibofu, kisha hutoka na mkojo. Hali hii huwapata theluthi mbili ya wagonjwa au zaidi. Haiumizi wala haidhuru mwili, ila ladha ya jambo yaweza kupungua, na anayetaka mtoto humzuia. Kwa mzee wa miaka 75 mwenye wajukuu huenda si kitu. Kwa mwanamme wa miaka 52 aliyeoa hivi karibuni, ni jambo kubwa la kuzungumza kabla ya kutia saini.

Ni kwa sababu ya hofu hii hasa kwamba katika miaka ya karibuni zimetokea tiba zisizojeruhi sana. Mpwa wa fundi wetu aliyeko Muscat ndiye aliyempelekea habari ya ile ya mvuke, inayojulikana kwa jina la kifaa chake, Rezum. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 2015. Kifaa chembamba hupitishwa kwenye mrija wa mkojo, sindano ndogo huchomoza ubavuni mwake na kuingia kwenye nyama ya tezi, kisha mvuke wa matone machache ya maji hupulizwa kwa sekunde 9. Daktari hurudia mahali pengine kulingana na ukubwa wa tezi. Chembe hai zilizopatwa na joto hufa, na mwili huziondoa wenyewe kidogo kidogo. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Asilotajiwa mapema ni kwamba wiki za kwanza huwa ngumu kuliko za kabla ya tiba: nyama iliyounguzwa huvimba, mpira wa mkojo hukaa siku kadhaa, mkojo huwasha, na nafuu kamili yaweza kungoja hadi miezi mitatu. Ajaye na tamaa ya kulala salama usiku wa pili atavunjika moyo. Baada ya hapo, katika utafiti wa Marekani uliowafuata wagonjwa kwa miaka mitano, watu 4 au 5 tu katika kila 100 walihitaji kufanyiwa upasuaji mwingine, na manii kwa walio wengi yaliendelea kutoka kama kawaida.

Njia ya pili haikati wala haiunguzi. Mtu akitaka mwanga chumbani hachani pazia; hulivuta kando na kulifunga. Ndivyo vinavyofanya vibanio viitwavyo UroLift, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2013: uzi imara wenye kipande kidogo cha chuma kila upande huivuta nyama ya tezi na kuibana kando ya mrija, ili njia ibaki wazi. Nafuu huja mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache, na wengi hawahitaji kubaki na mpira. Katika utafiti uliofanywa Marekani, Kanada na Australia haikuonekana athari ya kudumu juu ya nguvu za kiume wala manii. Kasoro yake ni kudumu: baada ya miaka mitano, watu 13 au 14 katika kila 100 walirudi kufanyiwa tiba nyingine. Na kwa kuwa vipande vya chuma hubaki mwilini, mgonjwa awaambie wataalamu wa picha za MRI kabla ya kuingia kwenye mashine yao.

Ya tatu haipiti kwenye njia ya mkojo kabisa, na sisi twaiona kuwa ya ajabu kuliko zote. Mtaalamu hutoboa tundu dogo kwenye mshipa wa damu wa paja au wa kifundo cha mkono kwa ganzi ya mahali pale tu, hupitisha mrija mwembamba kama tambi huku akiongozwa na picha za eksirei, mpaka afike kwenye mishipa inayoilisha tezi dume. Hapo humimina chembe ndogo mno, kila moja chini ya milimita 1, zikaziba mishipa hiyo. Tezi iliyonyimwa damu husinyaa kwa miezi. Daktari Francisco Carnevale wa São Paulo, Brazil, na wenzake ndio walioitangaza mwaka 2010 kama tiba ya tezi iliyotanuka, na João Pisco wa Lisbon akaitumia kwa wagonjwa wengi. Huwafaa hasa wenye tezi kubwa sana, na wale ambao moyo au mapafu yao hayawezi kuhimili dawa ya usingizi. Haiwafai wenye mishipa iliyokakamaa vibaya, na wenye figo dhaifu wapimwe kwanza, kwa ajili ya dawa ya picha inayopita mwilini. Mkondo wa mkojo hauongezeki kwa nguvu ileile ya upasuaji wa kuchonga. Hapa kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikijenga huduma na mafunzo ya tiba radiolojia, ambayo ndiyo fani ya kazi hii, tangu mwaka 2018. Kama kwa wakati huu wanaifanya kwa tezi dume, hilo mgonjwa aulize palepale.

Zipo nyingine tutazitaja tu. Leza ya kuimenya tezi kutoka kwenye ganda lake, iliyoendelezwa New Zealand na Peter Gilling, huweza tezi ya ukubwa wowote na tatizo hurudi kwa nadra, ila manii hurudi nyuma kama katika kuchonga. Na kwa tezi ndogo, isiyozidi gramu 30, daktari aweza kukata mfereji mmoja au miwili tu kwenye shingo ya kibofu kwa vifaa vilevile vya kuchongea. Hii haina jina la kibiashara wala haitangazwi, nayo pengine ndiyo iliyo karibu zaidi na mfuko wa mtu wa kawaida.

Maana mfuko nao una hukumu yake. Vifaa vya mvuke na vibanio hutumika kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa, na ndiyo sababu bei yake iko juu na hupatikana mahali pachache. Mvuke na vibanio vilijaribiwa zaidi kwa tezi za kati ya gramu 30 na 80. Fundi wetu alipimwa kwa utrasaundi, ikaonekana tezi yake ni gramu 110, na kibofu kimeshaota jiwe. Daktari alimweleza kwa upole kuwa kumpeleka mbali kutafuta mvuke ni kuteketeza fedha za watoto. Alifanyiwa upasuaji wa wazi, jiwe likatolewa papo hapo, na mpira ukaondolewa baada ya siku kumi. Lile swali lake alilijibiwa kabla hajalala kitandani, mkewe akiwa pembeni, na hilo ndilo lililomfanya akubali. Hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili na KCMC ya Moshi, zina madaktari bingwa wa njia ya mkojo. Aanzie kwa hao, apimwe ukubwa wa tezi, figo na mkojo unaobaki kibofuni, ndipo jina la tiba litajwe.

Ibada wakati wa tiba huulizwa sana, na wenye kuulizwa wakati mwingine hujibu kwa ukali usio na sababu. Mwenye kutokwa na mkojo bila kujizuia ana hukumu iliyopangwa tangu zamani, kwa kumkisia mwanamke mwenye damu ya istihadha, na asili yake ni hadithi ya Fatima bint Abi Hubaysh. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ni ya wengi wetu, hungoja wakati wa Sala uingie, hujisafisha, hujifunga kitambaa au pedi, hutawadha na kusali bila kuchelewa, na udhu huo humtosha faradhi moja na sunna atakazo. Kitakachotoka humo ndani hakimbatilishii Sala yake. Mwenye mpira na mfuko wa mkojo huingia katika mlango huohuo wa dharura. Aumwage mfuko kabla ya Sala, na akihofia kuchafua msikiti asali nyumbani akiwa na ujira wake inshaallah. Kuhusu josho, mume na mke wakikutana, janaba imepatikana hata kama manii hayakuonekana kwa sababu ya upasuaji, kwa hiyo ambaye manii yake yamerudi nyuma asidhani amesamehewa kuoga.

Saumu ina mjadala. Vitabu vya Kishafii vinahesabu kitu kilichoingizwa kwenye njia ya mkojo kuwa kinafunguza, ilhali Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa mpira, kamera na dawa ya kusafishia kibofu havifunguzi. Tiba hizi zote hupangwa tarehe, hivyo njia nyepesi ni kuzipanga nje ya Ramadhani, isipokuwa mkojo umeziba, ambapo hakuna cha kungoja. Kidonge cha tamsulosini humezwa mara moja kwa siku baada ya mlo uleule. Baada ya futari chatosha.

Limebaki moja kuhusu kidonge hicho. Mzee anayekitumia, au aliyewahi kukitumia, akipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, amwambie daktari wa macho kabla ya siku yenyewe, hata kama amekiacha miezi kadhaa iliyopita. Dawa hii hulegeza pia misuli ya mboni, na daktari aliyearifiwa mapema huja na matayarisho yake.